Komeo la Doto

Zamani, mtu wa Bariadi aliyetaka kununua bunduki alipita kwanza kwa Januarius, akakaa, akanywa maji, akasikiliza. Siku hizi anafungua simu, anatazama picha ya bunduki iliyoko Marekani, kisha yeye ndiye anayemfundisha Januarius bei.

Na Januarius amefikisha miaka sabini na minane. Hakuwahi kuwa askari, wala hakusoma zaidi ya darasa la nne. Alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha kuchambua pamba, enzi ambazo mwenye spana mkononi alisalimiwa kabla ya mwenye tai shingoni. Bwana nyama mmoja, kama walivyoitwa wakati ule maofisa wa wanyamapori, alipohamishwa alimwachia kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, kilichoeleza bunduki za majeshi ya dunia, kiungo kwa kiungo. Januarius akanunua kamusi. Ilimchukua miaka mitatu kukimaliza, na alipokimaliza akaanza upya, kwa kuwa mara ya kwanza alikuwa ameelewa bunduki lakini Kiingereza hakuwa amekielewa.

Bunduki zenyewe zilikuwepo. Baada ya vita vya Hitla, zile ambazo jeshi la Waingereza halikuzihitaji tena ziliuzwa kwa raia wenye vibali, na nyingine zikafika huku, Dutwa na Kiloleli na vijiji vya katikati, kulinda ng'ombe dhidi ya fisi na mahindi dhidi ya tembo. Zilikuwa chuma na mbao, zimetengenezwa na watu waliokuwa na haraka ya vita lakini hawakuwa na haraka ya kulipua kazi. Hakuna kitu cha leo kitakachodumu hivyo. Pikipiki ya leo ikifika mwaka wa tatu mwenyewe anaona aibu kuiegesha.

Bei ilitajwa kwa ng'ombe. Bunduki nzima, yenye kila kiungo chake cha kuzaliwa, ilikuwa madume manne na mtamba. Iliyotiwa kiungo cha bunduki nyingine, madume mawili, tena hapo mnunuzi ana huruma. Na ile iliyopigwa msasa ikapakwa vanishi ili ipendeze sokoni, Januarius aliirudisha bila kuitajia bei. "Mmeshaiosha kama maiti," alisema. "Kazikeni." Alipomaliza kukagua aliandika cheti kwenye karatasi ya daftari, akatia sahihi, na cheti kile kilitosha. Wazee waliuziana bunduki kwa karatasi ya Januarius bila mmoja kumtilia mwenzake shaka.

Kisha mambo yakageuka. Sheria ziliongezeka, tembo wakapata watu wengi wa kuwalinda kuliko wakulima, wazee wakafa, vijana wakataka pikipiki. Bariadi ikawa makao makuu ya mkoa. Zikaja ofisi za vioo, zikaja bodaboda, wakaja watu wasiolijua jina la babu yao. Miaka kumi ilipita Januarius hajaandika cheti hata kimoja. Alibaki kuzungusha magurudumu ya baiskeli barazani na kugombana na mkewe Felisita, ambaye naye kwa kugombana alikuwa fundi.

Aliyemfufua ni Nasrin. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Mwanza, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, binti wa muuza vitenge aliyewahi kuwa na duka Bariadi. Alikuwa na leseni ya kuuza silaha za kale na mkoba uliojaa vibali. Alinunua bunduki za majeshi ya zamani kwa ajili ya wakusanyaji, watu wanaoziweka majumbani mwao kama wengine wanavyoweka picha za harusi, na kwa ajili ya hoteli za watalii kule Lamadi, ambako huzibwa mtutu na kutundikwa ukutani. Januarius aliposikia habari ya ukuta alitema mate pembeni. Lakini Nasrin alikuwa amemwamkia vizuri, akamwambia, "Mzee wangu, huko Mwanza kila mtu anajua bei, hakuna anayejua bunduki. Nataka macho yako." Hakuna mtu aliyekuwa ameyataka macho yake kwa miaka kumi. Akakubali.

Basi asubuhi moja ya mwezi wa saba, Nasrin akiwa amekaa barazani na chai yake, akaja mtu mrefu wa miaka kama sitini, bega la kushoto limeshuka kidogo, amebeba kitu kirefu kilichozungushiwa blanketi na mfukoni ana kibali cha polisi cha kukisafirisha.

"Mwangaluka, baba," alisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, ng'wanawane. Umetoka wapi?"

"Kiloleli. Naitwa Doto Masele. Nimeambiwa wewe ndiye mwenye macho."

"Yamebaki moja na nusu. Lete tuone."

Januarius alilikunjua blanketi magotini. Ilikuwa moja ya zile bunduki za Waingereza za vita vya Hitla, za kubeba risasi kumi. Kabla ya kuitazama aliinusa. Wanunuzi wa simu hawajui kunusa. Alinusa kitako, akanusa chini ya mtutu, akafumba macho.

"Nani alikuwa anaipaka samli?"

"Ndugu yangu," alisema Doto. "Ilikaa kwake Dutwa miaka kumi na miwili, mimi nikiwa Mwanza kiwanda cha samaki. Enzi hizo hakuna aliyeona ajabu."

"Samli huita mende. Lakini ubao umeshiba. Angalia, haujapasuka hata unywele."

"Mzee," alisema Nasrin, "unakagua au unapika?"

Januarius alitoa risasi moja iliyokufa kwenye kopo lake, akaichomeka ncha mdomoni mwa mtutu. Ncha iliingia kidogo ikasimama, na sehemu kubwa ya risasi ikabaki inaonekana nje. Mtutu uliolika kwa ufagio wa kusafishia huimeza risasi mpaka kwenye ganda la shaba. Huu ulikuwa bado na meno. Akaweka kipande cha karatasi nyeupe nyuma, akaelekeza mtutu kwenye mwanga na kuchungulia. Mifereji ilijizungusha ndani yote, mikali, kama shamba lililolimwa jana. Akapapasa mihuri iliyopigwa kwenye ubao. Kingo zake zilikwaruza kidole, ishara kwamba msasa haujapita hapo. Uso wake ulikuwa umeanza kulainika. Hata Felisita, aliyekuwa akipita na ndoo, alisimama kumtazama.

Mwisho akasoma namba. Bunduki ya jeshi ina namba yake kwenye mwili, na namba hiyo hiyo hupigwa kwenye kile chuma cha mkono kinachosukuma risasi ndani na kufunga. Januarius alikiita komeo, kwa sababu kazi yake ni ile ile ya komeo la mlango. Kwenye mwili aliona 6082. Akalivuta komeo, akalifuta kwa kidole gumba. 6119.

Akalirudisha, akalifunga, akalivuta tena. Lilikaa vizuri ajabu. Lilifunga bila kucheza, bila kukwama, kama kwamba mtu alikaa nalo siku nzima akalisugua kidogo kidogo mpaka lizoee. Jambo hilo lingemfanya afikiri, kama angekuwa mtu wa kufikiri siku ile. Lakini siku ile alikuwa mtu wa namba.

"Komeo si lake," alisema.

Nasrin aliweka kikombe chini.

"Maana yake nini?" aliuliza Doto.

"Bunduki hii ilizaliwa na komeo lingine. Hili ni la kambo."

"Mbona linafunga vizuri?"

"Mke wa pili naye hufunga mlango vizuri."

"Nimekusikia!" ilitoka sauti ya Felisita nyuma ya nyumba.

Nasrin alicheka, kisha akawa mfanyabiashara. "Kaka Doto, nisikudanganye. Ingekuwa nzima, hapa hapa ningekupa milioni nne na nusu. Wakusanyaji wanachotaka ni namba zilingane. Hivi ilivyo, milioni moja na laki nane, na hapo ni kwa heshima ya mzee."

Doto hakuonekana kusikia habari za milioni. Alikuwa anaitazama bunduki kama mtu anayeonyeshwa kovu mgongoni mwake mwenyewe ambalo hakuwahi kulijua. "Baba alituachia nzima," alisema polepole. "Alipigana Burma. Alizinunua mwenyewe, mbili, mpya kutoka sanduku moja. Komeo langu limekwenda wapi?"

Januarius angeweza kusema hajui. Ndivyo ilivyokuwa, hakujua. Lakini utani wa mke wa pili ulikuwa bado mtamu mdomoni, na mbele yake alikuwa na watu wawili wanaomsikiliza, naye alikuwa amekaa muda mrefu bila kusikilizwa.

"Komeo halina miguu," alisema. "Muulize aliyekuwa anaipaka samli."

Doto alilifunga blanketi lake kwa uangalifu, pindo juu ya pindo. Hakutaka kuuza. Alitaka cheti tu, na Januarius akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Bunduki ya Doto Masele wa Kiloleli. Mtutu safi. Ubao wa asili. Mwili 6082. Komeo 6119, la bunduki nyingine, limebadilishwa. Akatia sahihi.

"Wabeja, baba," alishukuru Doto, na akaondoka na karatasi mkononi, hakuitia mfukoni.

Miezi minne baadaye Januarius alikuwa anaziba pancha baiskeli iliposimama mbele yake. Akainua macho. Mtu mrefu, bega la kushoto limeshuka.

"Mwangaluka, Doto. Umerudi kuuza?"

"Mimi si Doto," alisema mtu yule. "Mimi ni Kulwa. Yule mwizi."

Januarius alibaki na gundi kidoleni.

Kulwa alitoa mfukoni karatasi ya daftari iliyochakaa kwenye mikunjo, akaiweka juu ya tairi. Kisha akasimulia bila kupandisha sauti, na heri angeipandisha. Siku ambayo wakwe walikuja Dutwa kumposa binti yake Flora, ng'ombe wakiwa wameshaingia zizini, Doto alifika kutoka Kiloleli, akasimama katikati ya wageni, akaisoma karatasi ya Januarius toka juu mpaka kwenye sahihi. Akasema ndugu yake alimtunzia bunduki ili apate kumwibia kiungo. Akasema mtu anayeweza kufanya hivyo hakuzaliwa naye, akamwachia karatasi akaondoka.

"Alisema hivyo mbele ya wakwe," alisema Kulwa. "Pacha wangu. Wakwe wameomba wapewe muda. Ng'ombe wamerudi nao. Sasa mimi nimekuja kukuuliza, mzee: uliniona naiba?"

Lakini Januarius alikuwa amekwama kwenye neno moja. Pacha. Aliitazama karatasi. Jina lilikuwa pale, kwa mkono wake mwenyewe: Doto. Mtoto yeyote wa Kisukuma, hata anayelia kwa njaa, anajua kwamba akiwepo Doto basi Kulwa alitangulia kuzaliwa, na kwamba watoto wa namna hiyo hawapewi kitu kama wanavyopewa watoto wengine. Yeye, Januarius, aliyewasema kila siku watu wasiojua majina ya babu zao, alikuwa ameliandika jina lile vizuri kabisa na hakulisoma.

"Na yako?" aliuliza. "Bunduki yako wewe. Komeo lake lina namba gani?"

"Mimi sijui namba. Mimi nafuga."

Kesho yake Januarius alipanda basi la Dutwa. Kulwa alimtolea bunduki kwenye kasha la chuma, akamkabidhi bila kumkaribisha kiti, na Januarius hakumlaumu. Hakunusa chochote wala hakuchungulia mtutu. Alikwenda moja kwa moja kwenye namba. Mwili, 6119. Komeo, 6082.

Alisimama na komeo lile kiganjani. Karibu na jiko alikuwa amekaa mama yao, Mama Kulwa, kikongwe wa karibu miaka tisini, anapepeta choroko kwenye ungo. Masikio yake yalikuwa yameshachoka, lakini macho yalikuwa bado yanafanya kazi. Alipoliona komeo limetoka akaacha ungo.

"Usilibadili hilo!" alipiga kelele kama wafanyavyo viziwi. "Hilo liache hapo hapo!"

Januarius alimwendea, akapiga goti, akamwambia sikioni, "Mayu, nani alilibadili?"

"Baba yao. Nani mwingine? Alikaa nalo tangu asubuhi, anasugua na kujaribu, anasugua na kujaribu. Mimi nilimshikia kopo la mafuta. Akachukua la Kulwa akampa Doto, la Doto akampa Kulwa. Akasema hawa walilala tumbo moja, basi asiwepo wa kuwa na bunduki nzima peke yake. Siku mmoja akitaka kuiuza ama kuigeuzia mahali pabaya, ajue ameshika cha mwenzake."

Kulwa aliketi chini karibu na ungo. "Mayu, mbona hukutuambia?"

"Mlikuwa wavulana. Alisema mtaambiwa mkikua. Yeye akafa, mimi nikadhani mnajua. Nani aliniuliza? Ulisema Doto haji kwa sababu daraja limevunjika."

Kulwa alitazama pembeni. Kikongwe akamgeukia Januarius, akamkagua kuanzia viatu.

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Wa hapa hapa, mayu. Bariadi."

"Msukuma?"

"Msukuma."

"Ukasikia jina la Doto, ukaenda kuhesabu vyuma?"

Kwenye basi la kurudi Januarius alikaa dirishani na hakuona kitu. Jioni alimpigia Doto simu. Alianza kueleza, lakini hakufika mbali.

"Mzee," alisema Doto, "wewe uliniambia komeo halina miguu. Leo limeota?" Akakata. Januarius alipiga tena mara tatu siku hiyo na mara nyingi wiki ile, na simu ikaita hadi ikachoka.

"Ungekuwa unalipwa kwa kunyamaza," alisema Felisita, "tungeshakufa njaa." Lakini alisema kwa upole, na chakula alimwekea karibu.

Nafasi ikatokea yenyewe. Lilitoka tangazo kwamba wamiliki wote wa silaha katika mkoa wazilete Bariadi, kituo cha polisi, zihakikiwe na vibali viingizwe kwenye kompyuta. Wa Dutwa na wa Kiloleli walipangiwa siku moja. Januarius aliona kama Mungu amemkumbuka. Alimpigia na Nasrin aje, awe shahidi kwamba siku ile ya mwezi wa saba hakuna aliyesema uongo kwa kukusudia. Alimweleza yote, pamoja na namba. Hakufikiri mara mbili juu ya kumwambia namba.

Siku hiyo uwanja wa kituo ulijaa wazee na magobore yao, na wachache wenye bunduki za maana. Kulwa alikaa benchi la mwanzo, Doto benchi la mwisho. Kati yao walikuwepo watu kama ishirini, na kila aliyewatazama wawili wale alitazama mara mbili. Ofisa aliyeandikisha, Inspekta Constantine, alikuwa kijana mwenye adabu. Januarius alimwomba ruhusa, akaeleza kwa kifupi, na Constantine akakubali bunduki zile mbili zilazwe mezani pamoja, zikiwa tupu, makomeo yakiwa nje.

"Someni wenyewe," alisema Januarius. "Safari hii mimi sisomi."

Constantine akasoma kwa sauti. Mwili wa hii, komeo la ile. Mwili wa ile, komeo la hii. Kisha Januarius akasimama mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, akasimulia maneno ya Mama Kulwa, kopo la mafuta na yote, na mwisho akasema, "Niliyekosea ni mimi. Niliona jina nikasoma namba." Wazee kwenye mabenchi waliguna. Mmoja wao, ambaye hakuwajua kabisa, alitikisa kichwa akasema, "Huyo baba yao alikuwa mtu." Januarius aliwatazama mapacha, akangoja.

Doto ndiye aliyesogea kwanza. Alikuja mpaka mezani, akagusa 6119 kwa kidole.

"Kwa hiyo hukuiba."

"Ningeiba nini?" alisema Kulwa. "Nilikuwa nimeshika chako muda wote, na wewe changu."

"Nilisema maneno."

"Uliyasema."

"Mbele ya wakwe."

"Mbele ya wakwe, na mbele ya Flora. Kila siku ananiuliza kama baba yake mdogo ni kweli si ndugu yetu. Nimjibu nini?"

Doto alifungua mdomo. Mtu angeweza kuona kwamba neno lilikuwa pale, limekaa kwenye ulimi, neno moja tu la kuomba msamaha. Lakini kulikuwa na wazee ishirini wanatazama, na askari, na mwanamke wa Mwanza mwenye mkoba, na Doto alikuwa mtoto wa baba mmoja na Kulwa, mwenye shingo ile ile. Akafunga mdomo.

Kulwa alingoja. Alipoona limefungwa akasema, "Basi nipewe komeo langu. Naye achukue lake. Sitaki kutunza cha mtu ambaye sikuzaliwa naye."

"Sawa," alisema Doto. "Turudishiane."

"Kwa upande wetu haina shida," alisema Constantine, ambaye alikuwa mgeni wa mkoa na aliona jambo linamalizika vizuri. "Hata kwenye mfumo itakaa safi, namba zikilingana. Fundi ni nani?"

Wote wakamgeukia Januarius.

Nasrin akamsogelea, akanong'ona, na kwa haki hakuwa na ubaya wowote moyoni: "Mzee wangu, bunduki mbili za sanduku moja, mwenye nazo mmoja tangu mwanzo, namba zote kamili. Sijawahi kuziona. Zikilingana nawapa milioni kumi na mbili. Wagawane, watapoa."

Ilitosha aseme kwamba komeo halitaingia. Hakuna mtu pale ambaye angembishia. Angesema chuma kimezoea, ukilazimisha utapasuka, na ndugu wale wangerudi nyumbani kila mmoja ameshika cha mwenzake, wakiwa na hasira, ndiyo, lakini wameshikana. Kikongwe wa Dutwa alikuwa amempa maneno yenyewe: liache hapo hapo. Uongo mmoja. Alikuwa ameshaharibu kwa ukweli wenye utani, angeweza kutengeneza kwa uongo usio na utani.

Lakini tangu akimalize kitabu kile cha bwana nyama hakuwahi kugusa bunduki mbili za namna hiyo zikiwa kamili, na mikono yake ilikuwa imeshayachukua makomeo. Ilikuwa mikono ya fundi, na kazi ilikuwa pale. Akaliingiza 6082 kwenye 6082. Lilikwenda lenyewe, likafunga kwa sauti ndogo ya kushiba. Akaliingiza 6119 kwenye 6119. Sauti ile ile.

"Haya," alisema Nasrin, na macho yake yalikuwa yanang'aa.

Akaandika cheti. Kilikuwa kizuri kuliko vyote alivyowahi kuandika: mitutu safi, mbao za asili, mihuri mikali, namba zote zinalingana. Hakuna mkusanyaji wa Mwanza wala wa Marekani ambaye angepata la kusema. Nasrin akataja bei yake kwa sauti, mapacha wakaikubali bila kutazamana, Constantine akaandika uhamisho, ndugu wakatia sahihi kila mmoja kwenye mstari wake, Nasrin akalipa nusu kwa huyu na nusu kwa huyu. Hakuna aliyezidishiwa, kama inavyotakiwa kwa mapacha. Bunduki zikalazwa pamoja kwenye sanduku la mbao na kufungwa kwa kamba.

Januarius aliwafuata mpaka karibu na lango. Alitaka kusema kitu, lakini alikuwa ameshasema mengi mwaka ule. Nje kulikuwa na jua la saa nane na bodaboda zinagombea abiria. Basi la Dutwa lilisimama upande wa kulia, la Kiloleli upande wa kushoto. Kulwa alitangulia kutoka, kama alivyotangulia kuzaliwa, akaenda kulia. Doto akasubiri apate hatua kadhaa, akatoka, akaenda kushoto. Mwendo mmoja, bega moja la kushoto limeshuka, kiasi kwamba kwa nyuma hata mama yao asingewatofautisha. Muuza karanga alimwita Doto kwa jina la Kulwa, akidhani ni mtu aliyemuuzia asubuhi ile. Doto hakugeuka kumsahihisha. Akapanda basi lake, akakaa kiti cha upande wa pili, usioelekea Dutwa, na hapo Januarius akamwona kisogo tu, na hajawaona tena.